Swali la Kinu

Kule Mururu, upande wa Rwanda, kwenye miteremko inayoangalia mto Rusizi, mtu akikukaribisha chakula huonja yeye kwanza. Huonja mbele ya macho yako, unaona koo lake likishuka, ndipo akupe. Hata kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikitoka kwa mama yako mzazi, mama huigusa kwanza kwa ulimi wake. Mgeni wa mbali atadhani huo ni ukarimu. Ukarimu wapi! Ni woga wa sumu, na woga huo una umri mkubwa kuliko makanisa yote ya Cyangugu. Tena desturi hiyo ina upande wa pili, ambao ndio mchungu hasa: ukipewa ukakataa, umemwita mwenzako mlozi. Huhitaji kufungua mdomo. Sahani iliyorudi imeshasema.

Mukeshimana alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, Bukavu, mtaa wa Kadutu, lakini desturi hiyo aliikuta nyumbani kwao huko huko, maana wazazi wake walivuka nayo walipokimbia zamani. Mwaka wa tisini na sita vita vilipoingia Bukavu, naye akakimbia. Kwanza walifuata umati upande wa msituni, na huko ndiko alikopoteza watu wake. Mume wake, Twagirayezu, alipigwa risasi barabarani. Watoto wao wawili wa kiume wakafa kwa kuharisha, mmoja akimfuata mwenzake, wakazikwa kando ya njia ambayo leo hii hawezi kuionyesha. Alipogeuza safari na kuvuka kuingia Rwanda alikuwa na kitenge kimoja na mtoto mmoja mgongoni, Shimwa, ambaye bado alikuwa ananyonya. Watu wakimuuliza ana watoto wangapi alijibu mmoja, upesi upesi, ili wasiendelee kuuliza.

Aliyempokea Mururu ni Nyiramahoro, mjane mwenzake, mtu mzima aliyemzidi umri, ambaye watoto wake wote walikuwa wamekwisha. Mdomo wa Nyiramahoro ulikuwa pilipili. Alimsema Mukeshimana kwa kushika jembe kama mtu wa mjini, akamsema kwa kulialia, akamsema kwa Kiswahili chake cha Kadutu, chenye njo badala ya ndiyo, ingawa mpakani naye alikisema hicho hicho, na wakati huo huo akimpa mbegu za maharage, chungu, jembe lenyewe, na mahali pa kulala hadi nyumba yake ilipoezekwa. Kazi ya Nyiramahoro ilikuwa uji. Kila asubuhi aliteremka na sufuria kubwa hadi mpakani Rusizi ya Pili, akawauzia wanawake wanaovuka daraja na mizigo yao kichwani. Uji wake ulikuwa mzito, umetiwa karanga zilizotwangwa, na waliouzoea hawakunywa mwingine. Nyumba zao mbili zilikuwa ua kwa ua, na Shimwa alipoanza kutembea alitembea kutoka mlango mmoja kwenda mwingine bila kujua upi ni wa mama yake.

Siku ya balaa Mukeshimana alikuwa ameshuka Bugarama kuvuna mpunga wa watu. Shimwa alibaki kwa Nyiramahoro. Mchana Nyiramahoro alipakua sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyoungwa karanga, akaonja kama ilivyo ada, akampa mtoto. Hakumaliza hata tonge la tatu. Midomo ilimvimba, ngozi ikaota vipele vyekundu kama vya upupu, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Mukeshimana aliporudi alikuta ua umejaa watu, mtoto macho yamezibika kwa uvimbe, na Nyiramahoro amekaa chini anampepea kwa ungo huku watu wamesimama mbali naye. Ule umbali aliuona kabla hajamwona mwanawe vizuri.

Walimpeleka kwa Mzee Nzabonimana, mtu wa kutoa sumu, anayeishi kilima cha pili. Mzee alimnywesha mizizi, mtoto akatapika hadi akalegea. Katika matapishi mzee akaonyesha kitu cheusi, akasema ndicho hicho. Jioni uvimbe ulikuwa umeshuka. Leo tunajua ungeshuka tu hata bila mizizi, lakini nenda kamwambie hivyo mama aliyemwona mwanawe akirudi kutoka mlangoni pa kaburi! Mukeshimana aliuliza ni nani aliyefanya. Mzee hakutaja mtu, kwa sababu wazee wa kazi ile hawataji. Aliuliza tu mtoto alikula kwa nani. Basi, kikulacho ki nguoni mwako, wakasema majirani, na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Tangu hapo sufuria ya Nyiramahoro ikawa inapanda kilima imejaa kama ilivyoteremka. Mpakani walikuwa wameshapata habari. Wanawake aliowanywesha uji kwa mkopo walimpita wakiangalia upande wa mto. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye peke yake. Na Mukeshimana? Mukeshimana alipanda michongoma kati ya ua na ua. Nyiramahoro alikuja mara moja kusimama upande wake wa michongoma, akamwambia kwamba yule mtoto ni wake pia, angemdhuru kwa faida gani. Mukeshimana aliingia ndani akafunga mlango. Alikuwa amezika wawili, hakuwa na huruma ya kumgawia mtu mwingine.

Alianza kumlinda Shimwa kwa njia pekee aliyoijua. Alionja kila kitu. Maji, viazi, maziwa, hata ndizi mbivu iliyotoka mgombani mwake aliimega ncha. Mtoto alikonda na mama akakonda. Wakati huo, mwezi wa nane wa mwaka wa tisini na nane, vita vilikuwa vimeanza tena ng'ambo, malori ya askari yanavuka daraja, na kila mtu Mururu alikuwa anamwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Sumu ilikuwa kwenye kila mazungumzo.

Kisha, mwisho wa mwaka huo, Mukeshimana alinunua karanga soko la Kamembe. Alizichagua mwenyewe, akazitwanga mwenyewe katika kinu chake, akaunga mchicha, akaonja. Akaonja tena. Akangoja, akaona yuko salama, ndipo akamlisha mwanawe kwa mkono wake. Shimwa alikohoa. Akajikuna shingo. Akasema koo linamuuma, na hilo ndilo neno la mwisho alilolisema kabla sauti haijakatika.

Hapakuwa na mtu wa kumshtaki. Hapo ndipo kichwa cha Mukeshimana kilipozunguka, mbio mbio huku mtoto yuko begani, akishuka kwenda barabarani. Lori la mchele kutoka Bugarama lilisimama, dereva akaona uso wa mtoto, akakanyaga mafuta hadi hospitali bila kuuliza. Mukeshimana alikuwa anawaza jambo moja tu: kama sumu ile ya kwanza ilikuwa ya Nyiramahoro, hii ya leo ni ya nani?

Aliyempokea hospitalini ni Daktari Muhigirwa, mtu mrefu mwenye kola iliyochakaa. Alimtazama mtoto mara moja tu, akamnyang'anya muuguzi sindano, akamchoma Shimwa pajani. Mama akasubiri. Pumzi ilirudi kidogo kidogo, kwanza kama mlango mbovu, halafu kama pumzi. Mukeshimana alikaa sakafuni kando ya kitanda.

Mtoto alipolala, daktari akaanza maswali. Alikula nini, saa ngapi, alishakula siku nyingine, ilikuwaje. Mukeshimana alieleza yote, hata habari za Mzee Nzabonimana, hata kuonja mara mbili. Halafu akauliza lile lililokuwa likimla tangu kwenye lori.

"Docta, basi miye njo mulozi? Uniambie tu. Nilipika na mikono yangu."

Daktari alikunja uso kama mtu aliyepigwa. "Hapana, Maman. Sumu haichague. Wee ulionja, uko muzima. Hakuna mulozi hapa. Mwili ya mutoto njo inajipiganisha yenyewe."

Muhigirwa naye alikuwa mtoto wa Bukavu, na kabla ya vita hakuwa daktari wa wodi. Alikuwa mtafiti. Kazi yake ilikuwa kuchunguza zile chembe za damu na za nyama zinazoulinda mwili, na kwa nini kwa baadhi ya watu zinageuka. Alimweleza Mukeshimana kwamba chini ya ngozi, kwenye koo na kwenye matumbo, kuna chembe zinazokaa zimebeba vifuko vya maji makali, zikingoja minyoo na wadudu wengine wabaya. Kwa mtu kama Shimwa zimefundishwa vibaya. Zikikutana na karanga zinaona adui, zinapasua vifuko vyote kwa pamoja, na mtoto anavimba na kuzibwa kwa maji yake mwenyewe. Mukeshimana akauliza ni nani aliyezifundisha vibaya. Daktari akacheka, kicheko kisicho na furaha, akasema swali hilo ndilo lililomzeesha. Alikuwa amekusanya damu ya watoto wa vilimani wenye minyoo na ya watoto wa mjini wasio nayo, akitaka kujua kama minyoo ndiyo inayozituliza chembe hizo, maana wale wenye minyoo wengi hawakuwa wakiugua pumu wala kuvimba. Alikuwa anakaribia. Mwaka wa tisini na sita waporaji waliingia maabara yake kule Bukavu, wakaitaka friji, wakamwaga vichupa vyote vya damu nyasini, wakaondoka na friji. Jua likamaliza kazi. Aliyasema hayo akiangalia dirisha, na kwa mara ya kwanza Mukeshimana alimwonea mtu mwingine huruma.

Huruma hiyo haikudumu. Baada ya siku chache, Shimwa alipopata nguvu, daktari aliweka matone kwenye mkono wake, tone la maziwa, tone la samaki, tone la karanga iliyopondwa, akachoma kila tone kwa ncha ya sindano hadi ngozi ikagusika. Dawa ya kumchoma pajani aliishika mkononi muda wote. Penye maziwa hapakutokea kitu. Penye samaki vivyo hivyo. Penye karanga paliinuka uvimbe wa ukubwa wa haragwe, mweupe, na wekundu ukauzunguka. Daktari alitabasamu. Macho yalimng'aa kabisa kwa raha ya mtu aliyeona alichokuwa amekipoteza, akaomba damu kidogo ya mtoto. Mukeshimana aliliona tabasamu lile akalichukia. Mwanawe anataka kufa, na huyu anafurahi! Lakini damu alimpa, kwa sababu ndiye aliyemrudisha Shimwa.

Amri alizompa zilikuwa fupi. Asile karanga maisha yake yote. Asile chakula kilichopikwa na karanga, wala kwa kijiko kilichogusa karanga, wala cha kinu kilichotwangiwa karanga kisipooshwa kwa maji na sabuni. Dawa ile ya sindano haipatikani kila siku, na kutoka Mururu hadi hospitali ni mbali. Alisema wazi kwamba mara ya tatu huenda atapokea maiti. Na mtu akimpa mtoto chakula, akatae.

Daktari, mtoto wa Bukavu, akaelewa mwenyewe alichokisema, akainamisha kichwa.

"Najua, Maman," akasema. "Ukatae tu vile vile."

Basi mwanamke akarudi kwake na mambo mawili kifuani. La kwanza, Shimwa anaweza kufa kwa mkono wa jirani yeyote mwenye upendo. La pili, Nyiramahoro hana kosa. La kwanza lilimtisha na la pili lilimwaibisha, na yote mawili yalikuwa yanavutana, kwa sababu ili kumlinda mtoto ilimbidi akatae sahani za watu, na kila sahani atakayoikataa inazaa mlozi mwingine.

Alianza na lile la aibu. Aling'oa michongoma kwa mikono, ikamchana, akapita, akapiga magoti mbele ya Nyiramahoro na kumwambia yote. Bibi yule alikuwa amekonda, amepauka kwa kutotoka nje. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Aliuliza tu kama mtoto anakula vizuri sasa. Halafu wakalia wote wawili.

Lakini Nyiramahoro kumsamehe Mukeshimana ni kitu kimoja, na Mururu kumsafisha Nyiramahoro ni kingine. Mukeshimana alikwenda kwa Kayitare, mkubwa wa kitongoji, akamwomba aite watu. Daktari Muhigirwa alikuja Jumapili na pikapu ya hospitali, akasimama uani kwa Kayitare, akaeleza vizuri kabisa, kwa maneno mepesi, mambo ya chembe na vifuko vyake. Watu walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza akaletewa kasiksi, mwenyeji akaonja, akampa. Daktari ana vidonda vya tumbo, pombe haigusi. Akashukuru, akairudisha.

Ala! Mtu amesoma hadi akasahau kwao. Minong'ono ilipita uani kama upepo kwenye majani ya ndizi: huyu anayesema hakuna sumu, mbona yeye anaogopa kunywa? Kisha bibi mmoja wa safu ya mbele, kwa sauti ya upole, akasema amemwelewa sana daktari, ya kwamba karanga ni adui wa mtoto yule. Ndiyo maana mlozi alichagua karanga. Watu wakaguna kwa kukubali. Daktari akaondoka na pikapu yake, na Mukeshimana akabaki na watu wake.

Nyiramahoro ndiye aliyetoa njia. Alimwambia Kayitare kwamba maneno yamekwisha, ya daktari na ya kila mtu. Jina linaloharibiwa na chungu husafishwa na chungu. Akamgeukia Mukeshimana.

"Sitaki pardon ya mudomo. Lete mutoto akule kwangu, batu bote baone."

Hakukuwa na jibu lingine ila ndiyo. Walikubaliana sombe, ile ile, bila karanga. Mawese tu, kitunguu na chumvi. Mukeshimana aliapishwa atamleta, na Nyiramahoro akaapa mbele ya Kayitare kwamba karanga haitaingia chunguni. Siku zilizofuata bibi yule alikuwa mtu mwingine. Alipaka nyumba udongo mweupe. Alikopa vikombe. Alianza hata kuandaa uji wake wa kurudi nao mpakani, maana jina lake likishatakata atauza tena, na aliimba akitwanga, sauti ikavuka hadi kwa Mukeshimana, ambaye aliisikia akafurahi.

Siku ikafika. Ua wa Nyiramahoro ulijaa, wengine wamekuja kwa heri na wengine kwa umbea, Kayitare amekaa kwenye kiti mbele. Chungu kililetwa kikitoa moshi. Nyiramahoro alivaa kitenge chake cha kanisani. Alipakua bakuli, akachota kijiko, akaonja mbele ya wote, akachota cha pili, akaonja tena, halafu akaliweka bakuli mapajani mwa Shimwa na kumpa kijiko mkononi. Mtoto alikuwa na njaa, akamtazama mama yake, kwa kuwa alikuwa ameshafundishwa kumtazama kwanza.

Na mama yake alikuwa anaangalia mlango wa jikoni. Pale pembeni kinu kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na mchi wake. Sombe haipikwi bila kutwangwa. Na uji wa mpakani hautiwi karanga zisizotwangwa. Nyumba ya mjane haina vinu viwili.

Niseme nini? Kuna maswali ambayo Mururu huulizwi wala huyaulizi. Mtu ameonja mbele ya kitongoji kizima, ameonja mara mbili, na wewe unafungua mdomo kumuuliza kuhusu usafi wa chakula chake. Ni kumtemea mate usoni, na si mtu wa njiani, ni yule aliyekupa jembe na mbegu. Mukeshimana alilimeza swali. Likapanda tena. Akasema moyoni huenda kimeoshwa, huenda alitwanga kwa jirani, ingawa alijua hakuna jirani anayemkopesha kinu Nyiramahoro. Kijiko cha Shimwa kiliingia kwenye bakuli. Kikapanda.

Akaudaka mkono wa mtoto.

"Maman," akasema. "Unisamehe. Ile kinu, uliiosha?"

Nyiramahoro alisimama na upawa mkononi. Kwanza uso wake ulikuwa wa hasira, halafu hasira ikatoka, na kila aliyekuwa mbele aliona inatoka. Aligeuka akaangalia kinu.

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, kila mtu angepumua, na jina lake lingerudi siku ile ile. Hakuna aliyekuwepo jikoni mwake ila yeye.

"Jana nilitwangamo karanga," akasema. "Za uji. Niliipangusa na kitambaa tu. Sikuiosha." Akainama, akaliondoa bakuli mapajani mwa mtoto.

Mwenzangu, yule mwanamke alikuwa amemwokoa mtoto. Hakuna mwingine duniani aliyeweza kumwokoa dakika ile. Lakini sikiliza walichokisikia watu. Nyuma kabisa mtu akasema, taratibu, kwamba amekiri. Neno likatembea. Amekiri kwa mdomo wake, karanga ilikuwamo, aliapa haitaingia na imeingia. Mukeshimana alisimama akawaeleza kuhusu kinu, akawaeleza kuhusu mabaki kwenye nyufa za mti, akawaambia ni kusahau kwa kibinadamu, akapiga kelele. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyomwonea huruma kwa kuwa na moyo mwepesi. Kayitare, kwa sifa yake, hakuruhusu mtu apigwe. Aliwafukuza wote uani, kisha akamwambia Nyiramahoro kwa sauti ya chini kwamba ni heri akapumzike mahali pengine kwanza. Kabla ya wiki kwisha migomba yake ilikatwa na mawe yakaanguka juu ya bati lake.

Alifunga mzigo mdogo. Alikuwa anakwenda ng'ambo, Bukavu, ambako vita vilikuwa vinaendelea na hakuwa na ndugu. Mukeshimana alimshika mkono njiani, akamwambia ahamie kwake, walale chumba kimoja, wale chungu kimoja. Nyiramahoro akatikisa kichwa.

"Batakuambia sisi wawili tunaroga. Mutoto atakula wapi?" Akatengeneza mzigo kichwani. "Kama ningesema niliiosha, njo ningekuwa mulozi ya kweli. Uliuliza vizuri. Usilie sasa, mutoto anakuona."

Akateremka kuelekea Rusizi ya Pili. Wanawake aliowauzia uji walimpisha njia, mbali, na daraja likammeza pamoja na watu wengine. Mwaka ukaisha bila habari yake, na mwingine pia.

Na Mururu ilifanya nini? Ilimpongeza Mukeshimana. Wanawake walikuja kwa makundi kumwambia ana akili, ana jicho, alimnasa mlozi hadharani kwa swali moja. Walikuja na sahani. Furaha haiji mikono mitupu. Mmoja alileta viazi, mwingine mchicha ulioungwa vizuri, unanukia hadi nje, na alikuwa ameshaonja, akamwita Shimwa kwa jina la mapenzi ili amlishe mwenyewe. Mtoto alimtazama mama yake.

Mukeshimana alisimama mlangoni, akaieneza mikono miwili kwenye miimo.

"Shimwa hatakula kwako," akasema. "Wala kwako. Wala kwako. Wala kwa muntu yoyote, mpaka nife. Nyiramahoro hakuroga muntu. Mukitaka kusema miye njo ninawaita batu ba kuroga, museme. Mukitaka kusema mulozi ni miye, museme vile vile."

Wakasimama na sahani zao. Kisha mmoja akageuka, wa pili akamfuata, na yule wa mchicha alimwaga mboga yake pale pale uani, kwa sababu chakula kilichokataliwa hakirudishwi nyumbani.

Hakuna aliyekanyaga ule ua tena. Harusi zilipita, ubatizo ukapita, hawakuitwa. Hospitalini walisema Daktari Muhigirwa amehamishwa, na kichupa cha damu ya Shimwa hakuna aliyejua kiliishia wapi. Mtoto alianza shule, akarudi kila mchana kula kwao, akikimbia, maana hata mwenzake wa dawati alikatazwa kukaa karibu naye. Watu wakasema sasa mambo yamefunguka, sasa wanaelewa. Wale wawili walikuwa ua kwa ua miaka yote ile, yule mkubwa lazima alimfundisha mdogo kazi kabla hajaondoka. Mukeshimana aliyasikia hayo akiwa anaosha kinu kwa sabuni, na Shimwa, mzima, anacheza peke yake uani.